Kabla Hujalikata Jalada

Swali mnaloniuliza kuliko yote, nyie vijana mnaofungua vibanda vya fremu kuanzia Tandika mpaka Mwananyamala, ni moja. Mteja akileta majarida ya zamani na kusema anataka majalada tu ya kutundika ukutani, nikate au nisikate? Mnauliza mkiwa mmeshika kisu tayari, kwa hiyo najua jibu mnalolitaka. Sitawajibu haraka. Nimejalidi vitabu na kutengeneza fremu kwa zaidi ya miaka arobaini, na mara ya mwisho nilipolijibu swali hilo haraka nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa barazani kwangu Temeke, najiona sina tena kosa la kufanya.

Kwanza niwaambie nilikotoka, nisije nikaonekana mtakatifu wa karatasi. Mimi nimetupa majalada mengi kuliko mtakayoyaona maishani mwenu.

Nilianza nikiwa msichana, kwenye chumba cha kujalidi cha kiwanda kimoja cha uchapaji. Palikuwa na meza ndefu, wanawake sita tukishona kurasa kwa sindano, na mkuu wetu Mzee Gaudensi, mtu wa Songea, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani hata anapoomba chumvi. Vyuo na maktaba vilituletea majarida ya mwaka mzima tuyaunganishe yawe kitabu kimoja kigumu. Utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya kushona, majalada yote yanang'olewa. Yalinenepesha kitabu, na karatasi yake ngumu haikukunjika sawa na kurasa za ndani. Tuliambiwa msomaji anataka habari, picha ya juu ni ya kumvutia mnunuzi tu, na sasa ameshanunua.

Hata hivyo hayakwenda yote jalalani, maana Mzee Gaudensi alikuwa bahili wa karatasi. Aliyakata vipande vyembamba akavibandika ndani ya migongo ya vitabu vingine ili kuipa nguvu. Mpaka leo ukipasua mgongo wa kitabu kizito tulichokijalidi sisi, unaweza kukuta humo nusu ya uso wa mwanamke anatabasamu, sikio moja na hereni yake. Sasa wateja wenu wanataka uso, na habari ndizo zinazofungiwa karanga. Natamani mzee yule angekuwepo nimwone anavyokuna kichwa.

Nilimwogopa wiki moja tu. Wiki ile nilipewa rundo la majarida niyatoe pini za katikati, nami nikachukua koleo nikazivuta kama mtu anayeng'oa msumari. Kila pini ilitoka na kipande cha karatasi. Mzee Gaudensi alisimama nyuma yangu, halafu akavuta kiti.

"Mama, unagombana na nani hapo?"

"Na pini, mzee."

"Pini haina ugomvi na wewe. Fungua katikati ya jarida. Unaona miguu yake miwili imelala? Iamshe kwanza. Ikisimama wima, geuza jarida, itoke yenyewe kwa mgongoni."

Alinionyesha kwa kisu butu cha kupakia siagi. Aliingiza ncha chini ya mguu mmoja wa pini, akauinua, akahamia wa pili. Kisha akageuza jarida na kuinua pini kwa ukucha. Ilitoka safi, na jalada likaachia zima, mbele na nyuma, karatasi moja. Nataka mlishike hilo. Jalada la mbele na la nyuma la jarida la pini ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukikata la mbele kwa kisu, la nyuma linabaki mguu mmoja na kurasa zote zinaanza kulegea. Ukifungua pini, hujakata kitu, na siku yoyote unaweza kulirudisha lilipokuwa.

Jambo la pili alilonifundisha ni gundi. Tulipika wenyewe, unga wa ngano na maji, moto mdogo, unakoroga mpaka uji uwe mwororo na uanze kung'aa. Tulitia mrututu kidogo sana, ile sumu ya bluu, kuwazuia mende. Wasichana wapya walidhani tunaipika kwa sababu kiwanda hakina uwezo wa kununua ya kopo. Mzee Gaudensi aliwaambia, "Gundi hii naipendea udhaifu wake. Atakayekuja baada yangu akitaka kubandua, atalowesha na kubandua." Nilimstahi sana mtu yule. Katika kazi ambayo kila fundi anajisifu kwa kinachodumu, yeye alikuwa akimfikiria fundi atakayekuja kurekebisha makosa yake.

Sasa niwaambie kosa langu.

Alikuja barazani kwangu dada mmoja, Rahma, umri kama thelathini hivi, mchangamfu, anakaribia kufungua mgahawa wa chai Sinza. Alikuwa na mfuko wa salfeti mabegani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini, mahindi?"

"Mahindi wapi bibi! Hazina hii. Majarida ya bibi yangu mzaa mama, yuko Keko. Kanipa yote. Nataka ukuta mzima wa majalada, yaani mtu akiingia aseme tu, duh!"

Yalikuwa kumi na manane, jarida moja la akina mama la zamani, matoleo ya kufuatana. Majalada yake yalikuwa mazuri ajabu. Kulikuwa na mwanamke anafuma kikapu, mwanamke kwenye trekta, wengine wawili wamejitanda kanga na wanacheka kama vile mpiga picha ameteleza. Wekundu wake ulikuwa bado haujapauka. Nilimwambia Rahma amepata kitu cha maana, naye akafurahi, akatoa matatu ya mwanzo. Alikuwa ameshayakata nyumbani kwake kwa mkasi wa kukatia vitambaa, jalada la mbele tu.

"Na ya ndani?"

"Mende wameyala bibi, nimeyaacha kule. Nani atasoma?"

Nikamuuliza kuhusu kutoa kopi za rangi na kutundika kopi. Hili ni jambo la kumwuliza kila mteja, maana kopi nzuri siku hizi ukiitazama kwa mbali huijui. Rahma akakunja pua. "Kopi kila mtu anayo. Mie nataka mtu asogee aone karatasi yenyewe." Moyoni nilimkubali. Karatasi ya zamani ina kitu ambacho kopi haina, na anayekitambua hicho akiwa na umri wake anastahili kusikilizwa.

Alikuwa na haraka, anafungua Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kupika gundi kunataka asubuhi nzima. Ndani nilikuwa na kopo la gundi nyeupe ya maseremala. Nilikuwa na vipande vya hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuma ya fremu, vilivyokatwa tayari. Mnaona ninapoelekea.

Nikageuza jalada la kwanza nilipake gundi. Kwa nyuma lilikuwa halijachapwa kitu. Wachapaji wa zamani walipiga rangi upande mmoja wa karatasi ya jalada kupunguza gharama, na upande wa ndani ukabaki mweupe. Lakini hapa palikuwa na madoa ya zambarau, mengi, ya mviringo, kama mtu aliyeshika zambarau za kula akapangusa mkono. Kwenye la pili madoa yalikuwa machache, na mistari ya kalamu, mingine imelala, mingine imesimama. Kwenye la tatu kulikuwa na wino wa chupa, mchoro mrefu uliopindapinda kuvuka ukurasa mzima.

Vijana, kama ningewaambia kwamba sikuona, mngenisamehe haraka. Niliona. Niliona, nikacheka, nikamwambia Rahma, "Kwenu kulikuwa na watoto watundu kweli."

"Atakuwa mama huyo," Rahma akasema, "alikuwaga hashikiki."

Nikapaka gundi, nikabandika, nikaweka vitabu vizito juu. Matatu yakaisha kabla ya adhuhuri.

Kesho yake niliendelea na la nne peke yangu. Hili lilikuwa bado zima, na kwa mazoea ya siku nyingi nikalifungua katikati kuziamsha pini. Karatasi ya jalada ikalala wazi mezani, upande wa ndani juu. Kulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, na juu yake maneno mawili kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: *Jina. Nimerudisha.* Chini yake majina kumi na moja ya wanawake, kila moja kwa mwandiko wake. Mengine yalikuwa makubwa yamepanda mlima, mengine madogo yamebanana. Jina la tatu lilikuwa Mwajuma, herufi zake nene, zimekanyagwa kwa nguvu mpaka unazihisi kwa kidole upande wa pili, juu ya picha.

Nikafungua la tano, la sita, mpaka la kumi na nane. Majina yaleyale. Kadiri matoleo yalivyosonga mbele, miandiko ilishuka mlima, ikanyooka, ikaanza kuwa na mapambo. Kwenye la mwisho yule Mwajuma alikuwa anaweka na mkia chini ya jina lake kama waziri.

Ndipo nikaelewa madoa ya zambarau yalikuwa nini. Yalikuwa madole gumba. Wanawake hawa walianza hawajui kuandika, wakaweka dole. Toleo lililofuata wakaweka herufi moja. Lililofuata tena, mchoro ule mrefu uliopindapinda kuvuka ukurasa ulikuwa jina zima la mtu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na hayo matatu, ya mwanzo kabisa, ndiyo niliyokuwa nimeyabandika kwenye hadibodi kwa gundi ya maseremala.

Nilimpigia Rahma. Alipofika nikampangia yale kumi na matano mezani, yamefunguliwa, nikamwacha asome mwenyewe. Alianza kwa kusema, "Lakini bibi, ukutani nani atatazama nyuma?" Halafu akainama juu ya meza. Alikuwa akihama kutoka la nne kwenda la tano kwenda la sita, kidole kikifuata jina moja. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Twende Keko," akasema.

Bibi yake anaitwa Bi Tatu. Tulimkuta uani anachambua mchele kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu na kokoto anazitafuta kwa kugusa. Ni mwembamba, amenyooka, na ukimwamkia anakujibu kwa ukamilifu, hakuna kumung'unya. Rahma alimweleza yote, na mimi sikusubiri aniseme, nikasema mwenyewe nilichokifanya.

"Fundi mzima," Bi Tatu akasema.

"Ndiyo, dada."

"Miaka arobaini kazini."

"Na zaidi."

"Basi na mie nilifundisha kisomo miaka yote ile, na nikampa huyu majarida bila kumwuliza anakwenda kuyafanya nini. Tugawane." Akamgeukia mjukuu wake. "Nani alikwambia ukate?"

"Bibi, si ulisema chukua ukatundike?"

"Nilisema katundike! Mie zamani nilikuwa nikiyatundika kwa kamba hapo dirishani, kila jarida limepanda kamba kama nguo, anayepita anachagua. Nilidhani unayatundika watu wakisubiri chai wasome. Kumbe unatundika ngozi!"

Rahma akaangua kicheko na machozi yakamtoka papo hapo, sijui lipi lilitangulia.

Bi Tatu akatueleza. Alikuwa akifundisha darasa la kisomo jioni kwenye jengo la shule ya jirani, wanafunzi wake wote wanawake wa mtaa, wapishi wa maandazi, wauza mbaazi, wengine na watoto mgongoni. Alikuwa na jarida lake moja kila mwezi. Aliliazimisha kwa sharti kwamba mwenyewe anayeazima aweke jina kwa mkono wake, hakuna kuandikiwa. Asiyejua aweke dole gumba, lakini akirudisha aje anajua herufi ya kwanza ya jina lake.

"Na ndani ya jalada ndiko kulikuwa na karatasi nene nyeupe," akasema. "Daftari la darasa lilikuwa la serikali, hilo la kwetu. Mistari nilianza kuwapigia toleo la nne, kila mtu alipojua jina lake."

"Huyu Mwajuma?" nikauliza.

"Ndiye tuliyebaki naye. Wenzetu wametangulia, wengine wamehamia kwa watoto wao. Mwajuma yuko hapo Chang'ombe kwa mwanawe, na Jumamosi anakuja Sinza. Nimemwambia atakuja kuona dole lake." Akakung'uta ungo. "Toleo la kwanza dole. La pili herufi. La tatu alikuwa wa kwanza kuandika jina zima, likajaza ukurasa, akatumia nusu saa, darasa zima tumesimama nyuma yake hatupumui. Alipomaliza alitoka nje akakaa peke yake. Mwanamke mwenye maneno kama yule, hakusema kitu mpaka tukafunga darasa. Sasa nenda kalibandue."

Rahma aliniuliza njiani kama inawezekana. Nikamwambia sijui. Ilikuwa Jumanne jioni.

Sikilizeni hapa kwa makini, maana siku moja mtahitaji. Karatasi ikibandikwa kwenye ubao kwa gundi kali, usijaribu kuibandua karatasi. Utaichana. Unaondoa ubao kwenye karatasi. Nililaza jalada kifudifudi juu ya kioo kisafi, nikachukua patasi pana, nikaanza kuuchonga ule ubao kwa nyuma, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayemenya muhogo kwa woga. Kazi hiyo peke yake ilinila Jumatano nzima kwa jalada la kwanza. Ubao ukibaki mwembamba kama kadi, weka kitambaa chenye unyevunyevu wa maji ya vuguvugu, kilichokamuliwa sana. Subiri. Gundi nyeupe ambayo haijamaliza siku nyingi inarudi kuwa nyeupe na laini, na hapo unaivingirisha kwa ncha ya kidole, inatoka kama uchafu wa mwili hamamuni. Ukiharakisha unatoka na karatasi.

Rahma aliyaweka kando maandalizi yake ya mgahawa akawa anakuja kila siku. Nilimpa kazi ya kukamua vitambaa, naye akaifanya bila kunung'unika, huku akinihadithia wapaka rangi wanavyompiga chenga. Alhamisi mchana dole la kwanza lilitokea, la zambarau, na mistari yake yote. Wino wa muhuri una mafuta, maji hayauwezi. Tulipiga kelele majirani wakachungulia. Ijumaa asubuhi jalada la pili likatoka na herufi zake, pembe moja imechubuka.

La tatu lilitoka zima. Karatasi haikupasuka hata mahali pamoja, ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Lakini wino wa chupa ni wa maji, na ulikuwa umeshaloweshwa na gundi siku ya kwanza kabla sijaanza kuuhangaikia. Mahali pa jina palikuwa na wingu la bluu. Ukitazama kwa pembeni, kwenye mwanga, unaona mfereji wa kalamu mahali pawili patatu, basi.

Rahma akaligeuza upande wa picha. "Tusilitundike," akasema. "Tumwambie limepotea."

"Litundike," nikamwambia. "Nitamwambia mimi."

Usiku ule wa Ijumaa hatukulala, tukihangaikia namna ya kutundika. Niliunda fremu tatu zenye kioo mbele na kioo nyuma, nikaweka ukanda wa kadibodi pembeni ili karatasi isigusane na kioo, maana joto letu la Dar likiingia humo karatasi inaganda kwenye kioo na hapo hata Mzee Gaudensi angeshindwa. Kila fremu nikaifunga ukutani kwa bawaba, kama dirisha. Umeingia unaona picha. Ukitaka, unafungua, unaona nyuma. Yale kumi na matano hatukuyakata. Tulitoa pini zenye kutu, tukafungua majalada mazima, tukayatundika vilevile kwa bawaba. Kurasa za ndani nilizishona kwa uzi, nikazivika karatasi ya khaki, Rahma akaziweka kwenye rafu karibu na birika. Hata zile za matatu ya mwanzo alizoziacha kule nyumbani alizirudisha. Mende hawakuwa wamezila kama alivyodai, walionja tu.

Jumamosi Bi Mwajuma alikuja na mwanawe, akamwacha mlangoni akaingia peke yake. Ni mnene, mfupi, kanga mpya, sauti inamtangulia.

"Tatu! Uko wapi, kipofu wewe?"

"Niko hapa, na nakusikia tangu Chang'ombe."

Rahma akampeleka ukutani, akafungua fremu ya kwanza. Bi Mwajuma akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Madole yalikuwa kumi na moja. Alilitambua lake bila kuambiwa. Akainua dole gumba lake akaliweka juu ya kioo kando ya lile. Kulikuwa na mstari mweupe unaokata katikati, kwenye dole na kwenye karatasi.

"Mbuzi ya nazi hiyo," akasema. "Nilijikata siku ya maulidi. Tatu, unakumbuka nilivyolia?"

"Ulikuwa unalia nazi, si kidole."

Watu wakacheka. Akafungua fremu ya pili mwenyewe, akaiona M yake, akaisalimia. Akafungua ya tatu. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nikamwambia mimi ndiye fundi, kwamba nilidhani ni michoro ya watoto, kwamba nilitia gundi, na kwamba wino ulikimbia. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba.

Alitazama lile wingu la bluu.

"Nusu saa yangu hii," akasema.

"Naijua, dada. Nisamehe."

Akashusha pumzi. "Fungua kioo."

Rahma akalegeza parafujo nne, tukalaza jalada mezani. Nikatoa penseli mfukoni nikampa, nikamweleza kwamba kwenye karatasi kongwe tunaandika kwa penseli, haidhuru, inafutika.

"Inafutika!" Bi Mwajuma akanitazama kama nimemtukana. "Mie nimetafuta jina langu miaka hamsini lisifutike, unanipa penseli? Lete kalamu."

Kwa kanuni zote za kazi yangu nilipaswa kukataa. Nikampa kalamu ya wino. Aliandika kando ya lile wingu, si juu yake, polepole, jina lake na la baba yake, na ule mkia wake wa kiwaziri chini. Alipomaliza hakurudisha kalamu.

"Tatu, njoo. Wewe humu hujaandika hata siku moja."

"Mie nilikuwa mwenye majarida, niandike nini? Na mstari wenyewe siuoni."

"Njoo nakwambia."

Bi Tatu akaja kwa kupapasa viti. Bi Mwajuma akamkalisha, akamtia kalamu vidoleni, akaufunika mkono wa mwalimu wake kwa mkono wake mnene na kuupeleka mahali palipo peupe.

"Usikaze. Mkono umekuwa mgumu kama mti."

"Nani kakaza? Wewe ndiye unavuta."

"Sivuti, nakuongoza. Haya, teremka. Sasa kata juu."

Mimi nilikuwa nimeishika karatasi kwa vidole viwili isiteleze.